Kukuza biashara kwenye kampuni changa ya akili mnemba ukiwa Mtwara au Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayefikiria kuomba kazi hii, na kwa aliyekwisha kuipata na sasa anajiuliza mbona miezi inakatika na hakuna mkataba. Nayaandika nikiwa Mtwara mjini, ofisi yetu ni meza na viti viwili, wahandisi wote wako Dar es Salaam. Aliye Arusha au Mwanza atakuta mengine hayamhusu.

Ofisa wa kukuza biashara anafanya nini hasa?

Anatafuta mahali ambapo teknolojia ya kampuni yake inaweza kumpunguzia mtu kazi inayomla fedha, halafu anahakikisha mtu huyo analipa. Sehemu ya kwanza ndiyo inayosimuliwa kwenye makongamano. Ya pili ndiyo inayolipa mishahara.

Kwa siku ya kawaida utaandika barua ya utambulisho, utapiga simu tano ambazo tatu hazipokelewi, utasubiri kikao kinachoahirishwa, utarekebisha andiko, utafuatilia ankara ya tangu mwezi juzi, na jioni utawaeleza wahandisi kwenye WhatsApp mteja alimaanisha nini. Hiyo ya mwisho inakula muda kuliko unavyodhani. Mhandisi hajawahi kuona ghala la korosho, na mwenye ghala hajawahi kuona modeli, yaani programu iliyojifunza yenyewe kutokana na mifano mingi.

Si ni mauzo tu yaliyopewa jina refu?

Zinakaribiana. Muuzaji wa saruji ana mfuko wa kilo 50, ana bei, na mnunuzi anajua saruji ni nini. Wewe bidhaa bado inabadilika, bei haijakaa sawa, na mteja mwenyewe hajui kama anakuhitaji. Ukitoka kwake unatakiwa uwe na kitu cha kupeleka Dar kitakachoibadilisha bidhaa yenyewe. Ukitoka na "amefurahi, tuwasiliane", hujatoka na kitu.

Lazima niwe nimesoma kompyuta?

Hapana. Lakini lazima ujue mambo matatu bila kubabaika: mashine yenu inapokea nini, inatoa nini, na inakosea wapi. Ukiulizwa "inajuaje?" na ukajibu "ni akili mnemba, mzee", umeshamaliza kikao. Jibu kwa lugha ya kazi: imeonyeshwa maandishi mengi sana, imejifunza neno gani hufuata lipi, kwa hiyo inaweza kuandika sentensi safi kabisa yenye taarifa ya uongo. Wazee wanaelewa haraka sana hapo. Kila kijiji kina mtu wa namna hiyo.

Zaidi ya hapo, jua Excel vizuri. Sitanii. Mara nyingi tatizo unaloelezwa linamalizwa na jedwali lililopangwa vizuri, na ukiwa mtu wa kusema hivyo waziwazi utaitwa tena siku lipo tatizo lisilomalizwa na jedwali.

Wateja wenyewe ni nani huku kusini?

Anza na korosho, kwa sababu fedha ya mikoa hii inazunguka hapo. Mkulima mmoja mmoja hatakulipa, na usijenge mpango wa biashara juu ya Sh 500 za wakulima laki moja. Nimeona maandiko ya aina hiyo mengi na yote yanafanana. Wenye uwezo wa kulipa ni wanaomhudumia mkulima. Mkulima anapeleka mzigo kwenye AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha kijiji, AMCOS iko chini ya chama kikuu: MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa ukanda wa pwani ya Lindi. Mzigo unaingia ghala kuu kwa stakabadhi ghalani, yaani mzigo unahifadhiwa kwa hati mpaka uuzwe, mfumo uliotokana na sheria ya 2005 na kuanza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mnada unafanyika, mnunuzi analipa, fedha inashuka kupitia benki hadi kwenye akaunti ya mkulima. Kila hatua hapo ina mtu anayeandika, anayenakili, anayelinganisha, na anayeulizwa maswali yaleyale mia kwa siku.

Swali kubwa la msimu ni moja: "Zangu zimeuzwa mnada wa ngapi, na hela inaingia lini?" Karani wa AMCOS analijibu kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Halafu kuna malipo yanayorudi kwa sababu jina la kwenye daftari ni Issa Bakari na la benki ni Bakari Issa, au akaunti imelala. Ukiingia hapo na kitu kinachofanya kazi, unasikilizwa.

Baada ya vyama, wapo waendesha maghala, wabanguaji, wasafirishaji wa korosho ghafi, SACCOS, mashirika yasiyo ya kiserikali, hospitali binafsi na shule. Bodi ya Korosho makao yake makuu yapo hapa Mtwara, na hiyo ni faida: mtu wa Dar anapanga safari, wewe unapanda bodaboda. Kama kampuni yenu inataka kushauri kuhusu magonjwa ya mikorosho, nenda kwanza TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kabla hujagusa mkulima. Hao ndio waliolifanyia kazi suala la ugonjwa wa ubwiri unga na mdudu aitwaye mbu wa mikorosho kwa miaka mingi. Programu inayotoa ushauri wa salfa, dawa ya ubwiri unga, tofauti na wao haitaaminiwa na bwana shamba yeyote, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Gesi je? Kila mgeni anauliza. Mnazi Bay, Madimba na Songo Songo ni miradi mikubwa, ila maamuzi ya kununua mifumo hayafanyiki getini Madimba. Wanaofikika ni kampuni za hapa zinazowahudumia: ulinzi, chakula, usafiri, vipuri. Hao wana makaratasi mengi na watu wachache.

Kwa nini usikae Dar ukaja huku mara mojamoja?

Wapo wanaofanya hivyo. Ni zaidi ya kilomita 500, tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe 2003 basi linafika siku hiyohiyo. Lakini watu huku wameshaona wageni wengi wenye laptopu wanaokuja, wanapiga picha, wanaondoka. Ukikutana na mwenyekiti sokoni Jumamosi na ukamsalimia kwa jina, umeshamzidi mshindani wako wa Dar.

Msimu una uhusiano gani na kazi hii?

Una uhusiano kuliko teknolojia yenyewe. Mkuu wako wa Dar atakupa malengo ya robo mwaka. Yapokee kwa heshima, kisha mchoree kalenda ya kusini.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Februari na Machi watu wako shambani na barabara za vijijini hazipitiki vizuri, usipange mizunguko ya AMCOS. Mei na Juni minada ya ufuta inaanza, hasa upande wa Lindi, na huo ni muda mzuri wa kujaribu kitu kidogo kabla ya korosho. Wakati huohuo ni miezi ya salfa, kwa hiyo mawazo yote ya mkulima yako kwenye pembejeo. Agosti kuna Nane Nane ya kanda pale Ngongo, Lindi: siku za kufahamiana na watu watano wa maana, siyo kugawa vipeperushi mia tano. Mauzo ya mbaazi nayo yako karibu na hapo. Kuanzia Oktoba korosho zinaingia sokoni, na ukienda kumwonyesha meneja mfumo mpya Oktoba ghala limejaa mpaka mlangoni, atakuangalia tu. Wala hatakufukuza. Atakuambia "sawa kijana, tutakuita", na hatakuita.

Kwa hiyo kinachotakiwa kifanye kazi Oktoba kiwe kimekubaliwa Juni na kimejaribiwa Agosti. Mazungumzo ya msimu unaofuata yaanze Februari, kwa simu au mjini bila kuzunguka vijijini, fedha zikiwa zimeshaonekana na makosa ya msimu bado yanauma.

Fahamu pia kwamba msimu unaweza kugeuka ghafla. Msimu wa 2018/19 wakulima waligomea bei za mnada, na Novemba 2018 serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likahusika kwenye usombaji. Aliyekuwa na mkataba unaotegemea kamisheni ya mnada mwaka ule alibaki na karatasi. Ndiyo maana napendelea ada ya msimu iliyokwishapangwa kuliko asilimia ya kilo.

Na tafadhali, usipange kikao Ijumaa mchana. Mwezi wa Ramadhani, panga asubuhi na ufupishe.

Nani hasa anasaini?

Hapa ndipo wengi wanapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye AMCOS utapokelewa na mwenyekiti au meneja, na wote watakuwa wakarimu. Ukarimu si saini. Chama kinaendeshwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na matumizi yake yanatakiwa yawe ndani ya makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na mkutano mkuu na kuonwa na mrajis. Kama mfumo wako haumo kwenye makisio, mwenyekiti akikulipa anajitafutia hoja ya ukaguzi. Swali la kuuliza mapema, kwa adabu, ni hili: "Mwenyekiti, jambo kama hili mngeliweka kwenye kifungu gani, na makisio yanapitishwa mwezi gani?" Akijibu bila kusita, ana nia. Akicheka na kukuagizia soda, bado.

Usimruke ofisa ushirika wa wilaya. Hata kama hana fedha ya kukupa, neno lake kwenye bodi ya chama ni zito, na akisikia habari zako kwa mtu mwingine atakuwa na sababu ya kukutilia shaka. Pia vyama tayari vinatumia MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ukija na kitu kinachowalazimu kuandika taarifa zilezile mara mbili, wewe ni mzigo.

Halmashauri ni safari nyingine. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na bajeti inaandaliwa miezi mingi kabla. Mlango rasmi ni kwa Mkurugenzi Mtendaji, barua inapigwa muhuri masijala, inashuka kwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA, na ununuzi unapita NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Mfumo wowote wa TEHAMA wa taasisi ya umma unaihusu pia eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kampuni changa yenye fedha ya miezi minane isitegemee halmashauri kuwa mteja wa kwanza. Haina ubaya, mwendo wake tu ni mwingine.

Mfanyabiashara binafsi anasaini mwenyewe, saa hiyohiyo, mara nyingine anakulipa kwa simu kabla hujatoa proforma, yaani ankara ya awali. Anaweza pia kuacha siku hiyohiyo. Nyaraka zako ziwe safi: usajili wa BRELA, TIN, leseni, risiti ya EFD. Mteja wa maana akikata kodi ya zuio ya 5% kwenye huduma, usishangae na usigombane naye, dai cheti cha zuio na uwapelekee wahasibu wako.

Nikifika na demo, yaani onyesho la bidhaa, nifanyeje?

Usitumie mfano uliotengenezwa Dar. Omba kazi yao ya jana.

Tulikuwa ghalani upande wa Tandahimba na karani wa AMCOS, mama mmoja mwenye kaunta buku iliyochakaa pembeni na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi. Bidhaa yetu inapiga picha ukurasa wa daftari na kuugeuza jedwali: jina, idadi ya magunia, kilo. Ukurasa wa kwanza ulitoka vizuri, mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye wa pili yule mama akaweka kidole juu ya kioo cha simu. "Huyu bibi mmempa kilo mia saba sabini na nne. Bibi huyu ana mikorosho ya kuhesabu." Kwenye daftari ilikuwa 174. Moja ya karani ina kamkia juu, mashine ikaisoma saba.

Mwenyekiti alinyamaza. Tukamuuliza karani yeye hugunduaje akikosea mwenyewe. Akasema haangalii kilo, anaangalia magunia: gunia la korosho ni kama kilo 80, magunia mawili yanatoa wapi mia saba? Basi hiyo ikawa kanuni ya bidhaa. Kilo zisipoendana na magunia, mstari unakuwa wa njano na haupiti mpaka mtu aukague. Kanuni hiyo haina akili mnemba ndani yake hata kidogo, ni kugawanya tu. Kwenye vikao vilivyofuata ndiyo niliyokuwa naonyesha kwanza, kabla ya usomaji wa picha.

Mambo ya sauti nayo yajaribu papo hapo. Modeli za kusikiliza Kiswahili zimeboreka sana miaka ya karibuni, lakini mzungumzishe mzee wa Newala, kuku nyuma, redio inaimba, na ataje kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa magendo nje ya chama. Tazama mashine itaandika nini. Mteja akiona unacheka naye badala ya kutafuta kisingizio, mnaendelea vizuri.

Je, nimwambie mteja kwamba mashine inakosea?

Ndiyo, kabla ya mkataba, na kwenye mkataba wenyewe. Eleza inakosea kwenye nini na nani anakagua. Tulishaombwa programu ya kupiga picha korosho na kusema ubora wake. Picha inaweza kusaidia kuhesabu punje zilizooza au zenye madoa kwenye sampuli iliyokatwa. Haiwezi kupima unyevu. Hilo linataka kipimo cha unyevu. Na aliyekataa kulisema hilo ili apate kazi ataulizwa siku gunia limeota ukungu ghalani.

Kuna sababu nyingine ya hapa. Watu wa Mtwara wanakumbuka ahadi za gesi na vurugu za 2013, na bomba lilipokamilika 2015 gesi ilikwenda Dar. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema ukisimama mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na kutamka "teknolojia hii italeta maendeleo", utaona nyuso zinavyofunga. Sema badala yake: "Karani wenu hatanakili tena daftari usiku, na ikikosea mtajua hivi." Hapo utaulizwa maswali ya maana.

Bei tunapangaje?

Gharama zetu kubwa ziko kwa dola, mapato kwa shilingi. Hilo peke yake linatosha kukunyima usingizi, kwa hiyo weka kwenye mkataba kipengele cha kupitia bei kila msimu.

Modeli kubwa za lugha zinatozwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, vinavyoingia na vinavyotoka. Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza kwa ujumbe wenye maana ileile, kwa sababu modeli zilijengwa kwa maandishi mengi zaidi ya Kiingereza na maneno yetu ni marefu yaliyoungwa. Hesabu ya gharama iliyofanywa kwa mifano ya Kiingereza itakuumiza. Chukua ujumbe halisi mia wa wakulima, upitishe, uone bili, ndipo uzidishe.

Tuseme AMCOS ina wanachama 1,200 na kila mmoja anauliza mara kumi kwa msimu: ujumbe 12,000. Usifikiri utazitoa zote kwa modeli kubwa. Maswali mengi ni lile moja la hela inaingia lini, na jibu lake liko kwenye jedwali la malipo. Hayo yajibiwe na programu ya kawaida, senti haitoki. Modeli iachiwe yale yaliyoandikwa kwa mafumbo. Mkae na wahandisi kwenye hili mapema, maana bei utakayomtajia mteja inategemea mpangilio wao wa ndani.

Kisha mtajie bei ya msimu mzima, kwa shilingi, VAT ikiwemo kama mmesajiliwa. Hakuna mwenyekiti anayetaka kusikia tokeni.

Majaribio yawe ya bure?

Hapana, ila yawe ya bei ndogo. Hata wakichangia vocha za intaneti na posho ya karani wao, wameingia. Majaribio ya bure hayana mwisho na hayana mwenyewe. Andika tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, kitu kimoja kitakachopimwa, na bei baada ya hapo. Karatasi moja inatosha.

Taarifa za wakulima: kuna sheria?

Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inasajili wanaokusanya na kuchakata taarifa. Jina, namba ya simu, akaunti ya benki, kilo za mkulima: zote ni taarifa binafsi. Ukituma picha ya daftari kwenye sava ya nje, umesafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na jambo hilo lina masharti yake. Waulize wahandisi wako taarifa zinakaa wapi, na upate jibu la maandishi.

Kuna la kiutu pia. Kilo za mtu ni siri ya nyumba yake. Orodha ikivuja, wakopeshaji wa mtaani na wanunuzi wa kangomba wanajua mlango wa kubisha. Kwenye demo funika majina.

Nikiombwa "chai"?

Soda na nauli ya mjumbe aliyetoka kijiji cha mbali ni ustaarabu, na iwe kwenye bajeti ya kikao yenye sahihi. Asilimia ya mkataba kwa mtu binafsi ni rushwa, jina lake ni hilohilo hata ikiitwa usumbufu. Jibu ninalotumia: "Mzee, malipo yote yanapita kwa mhasibu Dar, mimi hata shilingi sishiki." Liwe kweli, uhakikishe hushiki. Kazi chache zitapotea kwa njia hiyo. Zilizobaki zinalipa.

Intaneti ikikatika?

Itakatika. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, nchi nzima iliyumba, sembuse Liwale. Bidhaa inayokufa bila mtandao usiiuze vijijini. Mfano mzuri ni Nuru ya PlantVillage, inayotambua magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu bila mtandao, kwa Kiswahili. Iwe hivyo, au angalau ipige picha sasa na itume baadaye. Mwulize mhandisi swali hilo kabla mwenyekiti hajakuuliza wewe.

Makarani watapoteza kazi?

Swali hili linaulizwa na makarani wenyewe, huku wamekushikia daftari unalotaka kupiga picha. Usilipuuze. Kwa tunachouza sasa, karani anabaki kwa sababu lazima mtu akague na asimame mbele ya mkulima. Lakini vibarua wa kunakili wa mwezi Novemba wanaweza kupungua, na hilo nalisema. Nikiweza, nashawishi bodi impandishe karani awe msimamizi wa mfumo, na iwe kwenye makisio. Mara nyingine wanakubali.

Mshahara ukoje?

Kampuni changa nyingi hutoa mshahara wa wastani na kamisheni juu. Uliza mambo haya kabla hujasaini: kamisheni inahesabiwa mteja akisaini au akilipa (huku tofauti inaweza kuwa msimu mzima), nauli na malazi ya Masasi au Nachingwea yanalipwa kabla au unarudishiwa, NSSF inapelekwa kweli, na kampuni ina fedha ya miezi mingapi. La mwisho wengi wanaona aibu kuuliza. Uliza tu. Ukiahidiwa hisa, zitake kwa maandishi, na usizipigie hesabu ya kodi ya nyumba.

Sina uzoefu. Naanzia wapi?

Usitume wasifu wenye sentensi "nina shauku ya teknolojia". Nenda AMCOS ya kwenu, kaa siku nzima, andika ukurasa mmoja: nani anaandika nini, inanakiliwa mara ngapi, inakwama wapi, kwa shilingi ngapi. Umtumie mkuu wa kampuni unayoitaka. Kijana aliyesoma ushirika au uhasibu, au aliyefanya kazi benki kwenye malipo ya wakulima, ana mtaji ambao mhitimu wa kompyuta wa Dar hana. Ukiongea Kimakonde, Kimwera au Kiyao, kiweke juu kabisa kwenye wasifu.

Mwanamke anaiweza?

Naulizwa na kina dada wenyewe, na wazazi wao pia. Wanaifanya. Kinachosumbua ni safari: basi la alfajiri, kulala wilayani, vikao vinavyoisha usiku. Dai kampuni ilipe nyumba ya wageni ya maana, na vikao vya kwanza nenda na mwenzako. Makarani wengi ni wanawake, na wao watakuambia ukweli wa ghala ambao mimi huambiwa nikisharudi mara nyingi.

Kampuni ikifa katikati ya msimu je?

Inatokea. Hakikisha tangu mwanzo kwamba mkataba unamruhusu mteja kuchukua taarifa zake zote kwa Excel wakati wowote, na umfundishe karani namna ya kuzipakua. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi, hata kampuni ikiwa na afya. Siku ikifungwa, vyama bado viko palepale, mwenyekiti ni yuleyule, na kampuni inayofuata utakayoiwakilisha itabidi upite kwenye ofisi hiyohiyo ya ofisa ushirika.